Javan Omanga Nyarangi: Maji ya Kwanza Yaende Mgombani

Kila asubuhi, kabla ya kumsalimu mtu yeyote, Mzee Javan Omanga Nyarangi aligonga tangi lake la maji kwa kifundo cha kidole. Alianzia chini akapanda taratibu, akisikiliza. Sauti ilikuwa nzito penye maji, nyembamba palipokuwa patupu. Hapo ilipobadilika alitia alama ya mkaa, ndipo akageuka na kuuliza mmeamkaje. Hata wageni waliolala kwake walijifunza kungoja.

Alizaliwa tarehe 12 Aprili 1949 katika milima ya Nyamache, Kisii, mtoto wa tatu wa marehemu Nyarangi na marehemu Kerubo. Kwao mvua ilinyesha karibu kila alasiri, na hakuna aliyefikiria kukinga maji yake, kama ambavyo hakuna anayefikiria kukinga upepo. Alisoma hapo kijijini hadi darasa la saba mwaka 1966. Mwalimu wake alisema Javan hukaa kwenye dawati kama kuku anayekalia kiota cha mwenzake.

Mwaka 1969 alishuka Migori, akajifunza ufundi wa bati katika soko la Uriri. Alitengeneza makarai, majiko na taa za koroboi. Mwaka 1977 aliacha nyundo akaenda Osiri kuchimba dhahabu, akarudi baada ya miezi minane na kikohozi. Hakupenda kuulizwa habari za dhahabu hiyo.

Tarehe 14 Desemba 1975 alikuwa amefunga ndoa na Nyamoita, katika kanisa la Waadventista huko Uriri. Mwaka 1979 walihamia bonde la Lambwe, Homa Bay, ambako shamba lilikuwa kubwa na mvua ilikuwa haba. Mzee alipanda machipukizi arobaini ya ndizi, kana kwamba bado yuko Nyamache. Kufikia Februari yote yalikuwa yamekauka. Jirani yao, Awino, alikuja akasimama uani kuyatazama.

"Jakisii, uliona wapi ndizi hapa?" aliuliza, akimwita Mkisii kwa Kijaluo. "Huku mvua ni kama shemeji. Inakuja mara mbili kwa mwaka, na haikai."

"Itakaa," Mzee alijibu.

"Utaifunga kamba?"

Nyamoita hakucheka. Alikuwa amepanda chinsaga, mboga ya kwao, mara tatu, na mara tatu ikanyauka. Siku hiyo alifunga nguo zake kwenye leso. "Siwezi kuishi mahali ambapo hata mboga imenikataa," alisema. Mzee alimwomba msimu mmoja tu.

Alikunja mabati kuwa mifereji, akaifunga kuzunguka paa lote, akajenga tangi la simiti. Mvua ilipokuja Machi 1980 alikinga kila tone tangu la kwanza, na hapo ndipo alipokosea. Kwao Kisii paa huoshwa na mvua kila siku. Hakujua kwamba paa la Lambwe hubeba vumbi, masizi na mavi ya mijusi ya miezi minne. Tangi lilinuka. Nyamoita, akiwa na mimba ya binti yao wa kwanza, Milka, aliugua tumbo wiki mbili, na Mzee alikaa kando ya kitanda chake.

Kosa hilo hakulirudia. Mwishoni mwa bomba aliweka kona ya bati inayogeuzwa kwa mkono. Mvua ilipoanza, alielekeza bomba kwenye mgomba mmoja aliopanda upya, na maji yalipokuwa meupe aliligeuza kwenye tangi. Januari iliyofuata, katikati ya kiangazi, chinsaga ilikuwa imesimama nyuma ya jikoni. Nyamoita alifungua leso yake. Awino alikuja kuomba mbegu, na hakutaja kamba.

Tangu hapo Mzee hakutulia. Alifunga mifereji kwenye nyumba za watu kuanzia Lambwe hadi Uriri, na kila alipomaliza alisema yaleyale: "Maji ya kwanza yaende mgombani." Wingu likitanda alikuwa hamalizi chai. Sabato ya tarehe 9 Aprili 1994, akiwa mzee wa kanisa, alitoka mbio katikati ya mahubiri, suti na yote. Mzee mwenzake, Obare, alimngoja mlangoni Sabato iliyofuata.

"Mzee wa kanisa anakimbia kama mwizi wa kuku?"

"Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, si mnamtoa?"

"Ng'ombe wako yuko wapi?"

"Alikuwa juu ya bati, anashuka."

Alisimamishwa uongozi miezi sita. Obare naye alijenga tangi mwaka uliofuata, na leo ni mmoja wa wanaobeba jeneza.

Novemba 2024 miguu ya Mzee ilianza kuvimba, na daktari akasema moyo umechoka. Aliruhusiwa lita moja tu ya maji kwa siku. "Nimekinga maji maisha yangu yote," alisema, "na sasa napimiwa kwa kikombe." Alilazwa Homa Bay mwishoni mwa Februari. Hakuwa na tangi la kugonga, kwa hiyo aligonga chuma cha kitanda.

Sabato ya tarehe 8 Machi 2025, Milka alikuwa naye peke yake. Mama alikuwa njiani kuja, na nyumbani hapakuwa na mtu. Mzee aliona wingu dirishani, upande wa Lambwe.

"Nani atageuza bomba?"

"Tata," Milka alimwita baba yake, "daktari amesema nisiende mbali."

"Daktari hanywi maji ya tangi lile. Mama yako ndiye anayekunywa."

Milka alipanda bodaboda saa nane na nusu, akafika nyumbani na matone ya kwanza. Aligeuza bomba. Maji yalitoka ya kahawia, yakaenda mgombani, na alisimama kwenye mvua akiyaangalia mpaka yakawa meupe, ndipo akayaelekeza kwenye tangi. Saa kumi na dakika kumi Mama alipiga simu. Mzee alikuwa amekwenda. Tangu siku hiyo Milka hajui kama alimtii au alimwacha, na hajapata wa kumuuliza. Maji mtakayokunywa leo baada ya mazishi ni ya mvua ile.

Ameacha mjane wake Nyamoita, watoto wake Milka, Benard na Valentine, wajukuu saba, kaka yake Makori, na mgomba mmoja ambao umezaa kila mwaka. Mungu ampe utulivu ambao hakuutaka hapa duniani.

Alasiri ile, kabla ya kuondoka wodini, Milka alisimama mlangoni na mkoba begani, akageuka kumtazama. Mzee alikuwa amefumba macho, kidole bado kikigonga chuma. Alifumbua jicho moja, akamwona.

"Bado uko?" alisema.