Kwaheri, Mama Soma Tena

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwalea watafiti wa idara yetu, Mama Soma Tena anastaafu tarehe 30 Juni. Angeweza kubaki miaka miwili zaidi. Ameomba mwenyewe kuondoka, na kumbembeleza kote kumegonga mwamba.

Alianza akiwa mhadhiri msaidizi, akapanda hadi uprofesa, lakini kazi aliyoipenda ni kusimamia tasnifu. Wengine tunasoma kazi za wanafunzi kwa macho, kalamu nyekundu mkononi. Yeye alimkalisha mwanafunzi mbele yake, akafumba macho na kumtaka asome sura nzima kwa sauti. Hoja ikipwaya, alifumbua jicho moja tu: "Soma tena." Basi. Mwanafunzi alirudia mpaka alinase kosa mwenyewe. Mkuu wetu wa idara, ambaye ndiye kifungua mimba wake, mwanafunzi wa kwanza aliyemsimamia, bado anasimulia alivyorudia aya moja hadi sauti ikamkauka, huku Mama akimsogezea chai bila kumwonea huruma hata chembe.

Wanafunzi waliuogopa mlango wa ofisi yake, kisha wakawa hawabanduki. Alijua nani amefiwa, nani ananyonyesha, nani amekuja bila kula.

Mwaka huu masikio yalianza kumtupa mkono. Alificha, nasi tunaoketi naye ofisini tukajifanya hatuoni. Siku moja kitinda mimba wake, mwanafunzi wake wa mwisho wa uzamivu, alichanganya kurasa akasoma ukurasa uleule mara mbili. Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Machozi yakamlengalenga binti. Mama alipofumbua macho na kumwona usoni, alielewa. Wiki hiyohiyo aliomba kustaafu. Tulimsihi asome kwa macho kama sisi. Akasema macho yake huruka makosa, na hatampitisha mtoto wa watu kwa kubahatisha.

Inauma. Binti huyo sasa yuko mikononi mwangu, bado sura mbili amalize, na kila Jumanne ananisomea kwa sauti. Ninamwambia "Soma tena", lakini sote wawili tunajua anayepaswa kusema hivyo si mimi.

Mama, ahsante kwa kutulea. Tunakuombea afya, usingizi mnono na asubuhi zisizo na haraka. Maneno haya atayasoma kitinda mimba wako mbele yako, polepole, akikutazama ili uweze kumfuata midomo. Ukiona pamepwaya, unajua la kumwambia. Tutasubiri.