Fundi wa Bendera Ambayo Haijapandishwa

Marehemu babu yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Bendera, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, kwenye nyumba za reli nyuma ya stesheni. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Baba yake alikuwa mpunga bendera wa treni, kwa hiyo marehemu alijua rangi kabla ya herufi: nyekundu simama, kijani nenda. "Hakuna dereva aliyewahi kuuliza maana yake," alipenda kusema.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, kisha miaka miwili ya ufundi cherehani. Ripoti yake ya mwisho bado ipo. Mwalimu aliandika maneno mawili tu: "Mtulivu mno."

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa katika karakana ya halmashauri ya jiji, akashona bendera za jiji kwa miaka thelathini na saba. Bendera hiyo mnaijua, au mnadhani mnaijua. Ina simba, kitabu, mwenge, gurudumu, suke la mahindi, mwaka na maneno ya kaulimbiu, vyote ndani ya duara moja. Marehemu alisema ukiwa chini ya mlingoti inaonekana kama mchuzi uliomwagikia shati.

Mwaka 1994 alikosea. Alishona bendera kumi na mbili huku nembo ikiwa kichwa chini, na akagundua zikiwa zimeshapandishwa mji mzima. Hakulala siku mbili. Siku ya tatu alimfuata msimamizi wake kuungama.

Msimamizi alitoka nje, akaitazama ya pale getini, akakuna kichwa. "Fundi, kwani siku zote ilikuwaje?"

"Simba alikuwa anasimama kwa miguu, mzee."

"Kuna simba?"

Bendera hizo zilipepea miaka miwili mpaka zikachakaa. Hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika. Marehemu aliniambia kwamba angefukuzwa kazi angeumia kidogo. Kutoonwa ndiko kulikomuumiza.

Alifunga ndoa na bibi yangu, muuza nyuzi, tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa binti mmoja, mama yangu. Bibi alifariki mwaka 2003. Tangu hapo babu aliishi peke yake, chumba kimoja ghorofa ya tatu, na kila asubuhi alitoa vikombe viwili. Nilimuuliza cha pili ni cha nani. "Mkono umezoea," akajibu, akakirudisha kabatini.

Alipostaafu mwaka 2008 alianza kuichora upya bendera ya jiji. Kila aliyegonga mlango, hata msoma mita, alipewa penseli na karatasi: nichoree bendera yetu bila kuchungulia popote. Hakuna aliyeweza. Mimi nilichora paka. Babu aliitazama sana karatasi yangu, akasema, "Basi kosa si lako. Bendera ambayo mtoto hawezi kuichora kichwani mwake si yake." Maneno hakuyataka kabisa, maana upepo ukigeuka yanasomeka kinyume. Rangi zisizidi tatu. Na aliye ng'ambo ya mto aitambue bila miwani.

Yake ilikuwa hivi: kitambaa cheupe, mto wa bluu unaoshuka kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, na katikati, daraja fupi jekundu linaloukatiza. Basi.

Aliipeleka halmashauri mwaka 2011. Wakamwandikia kuwa wazo lake limepokelewa. Kuanzia hapo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, alivaa koti na kwenda kuulizia.

"Mzee, kamati haijakaa," mlinzi alimwambia.

"Miaka yote hii? Kwani hawana viti?"

Wakazoeana hivyo kwa miaka kumi na mbili. Mlinzi huyo yuko nasi leo, ameketi nyuma. Asubuhi nilimuuliza, naye akasema bado haijakaa.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na presha ya macho. Bendera yake aliitundika kwenye kamba ya nguo ya roshani, mimi nikisimama mtaa wa pili nampigia simu: "Naiona, babu." Mwishoni ni mimi tu niliyeiona; yeye aliuliza tu kama inaonekana. Januari mwaka huu moyo wake ulidhoofika, akalazwa, na akafariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, saa kumi alfajiri. Jioni ya kuamkia siku hiyo alinishika mkono. "Usiwaambie ilikuwa nzuri," alisema. "Wape penseli."

Marehemu ameacha kaka mmoja, binti mmoja, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, na bendera moja, ndiyo hii iliyofunika jeneza. Tukishamshusha haitaonekana tena, maana mama ameamua aende nayo.

Kwa hiyo ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki cha mazishi mlichoshika tumeuacha wazi. Pale mlangoni kuna kopo la nyuzi la bibi lenye penseli za bluu na nyekundu. Nyeupe mnayo tayari. Msiulizane. Mkimaliza, nipeni karatasi, na Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao nitavaa koti lake nizipeleke.

Pumzika kwa utulivu wako, babu. Safari hii wanachora.