Mifuko Tisa kwenye Mlango wa Friji

Bi. Wilkister Adoyo alistaafu Ijumaa, tarehe 4 Julai 2025, baada ya miaka ishirini na miwili katika kantini ya shule yetu hapa Bankstown. Alikuja kushikilia nafasi ya mtu kwa wiki mbili tu. Wiki hizo zilinenepa, nasi tukanenepa nazo.

Kazi yake mwaijua. Asubuhi wanafunzi huagiza chakula, naye hukitia kwenye mfuko wa karatasi wenye jina la mwenyewe. Kengele ya mchana ikilia, wanakuja mbio. Chakula chake ndiyo fahari yake. Mimi, Mutua wa maktaba, niliwahi kununiwa siku tatu kwa kubakiza nusu sambusa.

Basi mwaka 2022 akatokea Ornella, msichana wa miaka kumi na minne: anaagiza, analipa, halafu haji. Wilkister aliudhika kwelikweli. Kila mfuko uliosuswa aliuandika tarehe na kuubandika mtupu kwenye mlango wa friji, uwe ushahidi. Mifuko ilipofika tisa, akaibeba kwenda kumshtaki kwa mwalimu wa darasa.

Mwalimu naye alikuwa na lake. Ornella alikaribia kuondolewa darasa la juu la hesabu, na mama yake, Chibalonza, alishaamini kazaa mvivu. Lakini tarehe za mifuko zilipolinganishwa na daftari la chumba cha wagonjwa, kila mfuko ulikuwa wa siku aliyoumwa kichwa, au kesho yake. Mitihani aliyofeli pia.

Daktari kule Campbelltown alisema ni kipandauso. Akaeleza kwamba kwa baadhi ya vijana, kumbukumbu hupungua na akili hujikokota hata baada ya maumivu kutulia, kisha hurudi sawa. Ornella alirudia mtihani siku alipokuwa mzima, akapata themanini na moja. Wilkister alikuja maktaba kunipa habari akicheka na kulia, ameona haya kwa hasira zake. Tangu hapo, mfuko usiochukuliwa aliupeleka yeye mwenyewe kwa mwenye jina.

Siku ya kuagana tulimwagizia yeye chakula. Akahudumia kila mtu, mfuko wake ukabaki kaunta. Ornella, sasa ana miaka kumi na saba na bado yuko darasa lile la hesabu, aliuandika tarehe akampelekea.

"Anti, umesahau lunch yako."

Ahsante, Wilkister. Tunakuombea siku ndefu za raha, na chochote utakachoagiza, ukichukue kingali moto.