Shangazi na Jumapili ya Akina Mama

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya shangazi yangu, mpishi wa nyumba ya mapadri, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sufuria, naye akaitika.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1949, kifungua mimba wa fundi cherehani, akasoma hadi darasa la saba, akafunga ndoa tarehe 12 Juni 1971 na seremala aliyempenda kwa dhati, wakaishi chumba cha nyuma ya karakana hadi mumewe alipofariki mwaka 1980, na hawakujaliwa mtoto.

Mwaka uliofuata aliajiriwa jikoni kwa mapadri, na padri yeyote aliyehamia hapa amekonda aliondoka suruali zikimbana. Lakini kila Jumapili ya Akina Mama, paroko alipowasimamisha akina mama kanisani awabariki, shangazi alibaki jikoni kwa kisingizio cha nyama isiyoiva.

Tarehe 10 Mei 1998 padri msaidizi, mgeni wakati huo, alimfuata, akafunua sufuria, akaikuta tupu, na shangazi akaangua kilio. Paroko alipoambiwa aliingia jikoni na mavazi yake ya misa, akavuta kigoda, akasema, "Nimekula chakula chako miaka yote hii na sikuwahi kukuuliza. Nisamehe, mama." Akaahidi kwamba mwakani atamsimamisha yeye peke yake.

"Baba, nisimame peke yangu nionewe huruma? Hapana," shangazi alimjibu. "Waite kwanza waliozika watoto na sisi tusiojaliwa, hao wengine wafuate."

Mwaka uliofuata paroko aliita hivyo hivyo, shangazi akasimama, kisha akasimama mama yangu, wifi yake, aliyemzika mdogo wangu na tangu hapo hakutaka atajwe, kisha wengine, na jioni ile nyumbani kwetu tulimzungumzia mdogo wangu hadi tukacheka.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, wauguzi wakashangaa mapadri wanavyopishana mlangoni, kila mmoja akidai anamwona mama yake, na asubuhi ya tarehe 2 Mei mwaka huu alifariki, yule padri msaidizi, siku hizi paroko, akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, mapadri, na wenzake wa jikoni. Jumapili ijayo ni ya akina mama, nanyi ambao hamjawahi kusimama mnakaribishwa kuitwa kwanza.

Pumzika kwa amani, shangazi yetu.