Mukendi, Mujumbe wa Virginia

Madame la professeure, Papa pasteur, bamaman na batonton, bageni bote benye kufika Berchem na hii mvula: jambo yenu.

Miye Banza. Ninapangaka mawe mu barabara. Masomo, kidogo tu. Leo tuko hapa juu mutoto wangu Océane amemaliza université. Mama yake, marehemu, angekuwa hapa, angelia mpaka asubui. Miye silie. Ni moshi ya nyama.

Bon. Océane aliandika mémoire, ile kitabu ya kumaliza masomo, juu ya uchaguzi wa président kule Amerika, mu Virginia, mwaka wa 1836. Kumbe kule raia hachague président. Anachagua bajumbe, bajumbe njo banaenda kuchagua. Alors bajumbe ya Virginia, bote 23, président bakamukubali. Makamu wake, mwenye balitumwa kumuchagua pia, bote bakamukataa. Juu ya nini? Juu aliishi na mwanamuke mweusi kama bibi yake, na batoto yabo hakubaficha.

Musipige mikono! Océane alinikataza nimusifu ule makamu. Ule mwanamuke alikuwa mutumwa wake. Kusema hapana, angesemea wapi?

Donc, miye pia nilituma mujumbe. Kwetu muntu hajiombee bibi mwenyewe. Nilituma Mukendi, ule pale, anaangalia sahani. Aende Auderghem kwa Papa Anaclet, aombe dada yake, Alphonsine. Mukendi akasifu kazi yangu. Akasifu nyumba. Akasifu diplôme ya Océane. Akakula samaki mbili. Alphonsine, hakumutaja!

Anarudi, ananiambia: "Banza, ule ni wa Bujumbura. Haiko wa kwetu."

Virginia mutupu! Mukendi, ni weye utalala naye ao ni miye? Pardon, Papa pasteur.

Océane nilimuuliza nifanye nini. Akasema: "Papa, mujumbe wako ni kinywa yako."

Basi, leo ninasema miye mwenyewe. Kule Amerika, mwisho sénat, ile baraza ya bakubwa, ilimupa ule makamu kiti. Papa Anaclet anafikiri hapa sénat ni yeye. Na heshima yote, papa, hapana. Sénat ni Alphonsine.

Alphonsine, ninataka ukuwe bibi yangu. Weye, kusema hapana unaweza. Usijibu hapa, batu banakuangalia. Utajibu siku yako. Lakini ukuje mwenyewe.

Na kama ni hapana, kula kwanza. Fufu iko mingi.

Nimemaliza. Asanteni vile mumenisikiliza. Mukendi, weye usipige mikono, shusha.