Sista Zipora Lemuel na Orodha ya Penseli

Tarehe 30 Aprili 2025, Sista Zipora Lemuel anafunga miaka thelathini na sita ya kuihudumia Zahanati ya Hitaloh. Mimi mtoa dawa nimekula naye mkate wa tunda la mkadi kwa ishirini na tisa kati ya hiyo, ndiyo maana wenzangu wamenikabidhi kalamu.

Alizaliwa Chowra, kisiwa cha wafinyanzi. Hapa kisiwani kwetu Nancowry aliletwa na ndoa. Lugha ya kwao na yetu hazisikilizani kabisa. Wiki yake ya kwanza alimwamuru mzee mmoja atafune dawa ya kupaka. Mzee akatii, na kesho yake akarudi kulalamikia ladha. Kijiji kizima kilicheka, naye kicheko kile kilimchoma. Mwaka haujaisha alikuwa anatutania kwa lugha yetu wenyewe, na wagonjwa wa kisiwa jirani cha Teressa walikuwa wakimwulizia yeye kwanza.

Lakini kwetu mtu akifa, jina lake halitajwi. Na kama jina hilo ni neno la kawaida, neno nalo huachwa mpaka miaka ipite. Mwaka 1997 alifariki mzee ambaye jina lake ndilo lilikuwa neno letu la damu. Miezi miwili baadaye bintiye, mjamzito wa miezi minane, aliletwa akivuja damu. Daktari Muthukumar, kijana mwema aliyefika wiki hiyo kutoka bara, alitazama karatasi ya maneno ya lugha yetu iliyobandikwa ukutani, akauliza kwa neno lilelile. Akaona hawajibu, akalirudia kwa sauti zaidi. Mume akambeba mkewe, wakatoka.

Sista alikuwa stoo. Alipokimbilia ufukweni, mtumbwi ulishaingia majini. Akajitosa na viatu vyake mpaka kiunoni, akashika mrengu wa ubavuni.

"Achia, dada!" mume akafoka. "Wamemdhalilisha marehemu wetu."

"Siachii, shemeji. Daktari ni mgeni, kasoma tu karatasi. Nimeibandika mimi, na ni mimi sikulifuta neno hilo. Ninunie mwaka mzima ukitaka, lakini huyu mrudishe ndani."

"Na akilitamka tena?"

"Namziba mdomo kwa mkono huu huu."

Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemaliza ubishi: "Mnabishana huku mimi nakwisha? Nirudisheni!"

Jioni ile alijifungua mtoto wa kike, wote wawili wazima. Siku ya tatu Sista alimpeleka daktari kuomba radhi, wakakaribishwa nyama ya nguruwe.

Tangu hapo orodha yake ya maneno ni ya penseli, na kila baada ya msiba huipitia na kifutio. Baada ya wimbi kubwa la 2004, lililobeba jengo letu pia, alikaa hemani siku nyingi akifuta. Maneno kadhaa yamesharuhusiwa tena. Ameyarudisha kwa mkono wake. Madaktari tisa wamefundishwa kwa orodha hiyo, na hakuna mgonjwa mwingine aliyeondoka hapa kwa hasira.

Sasa anarudi Chowra kufinyanga vyungu na dada yake. Juzi alituambia, "Jina langu ni la Biblia, kwenu halina maana. Nikifa hamtapoteza hata neno moja."

Hapo umekosea, Sista, na si kawaida yako: kwetu jina lako limeshakuwa na maana. Asante kwa kila pumzi uliyoiokoa. Ishi sana, na chungu chako cha kwanza kitume huku.