Orest Wasylyk, Aliyewakataza Nyegere Kupigana (1951–2016)

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kikombe cha kahawa, Orest Wasylyk aliloweka mkono wake wa kulia kwenye beseni la maji ya moto mpaka vidole vikubali kukunjuka. Vilivunjikia kwenye nyuso za watu. Yeye hakuficha hilo, nasi leo hatufichi.

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1951 kwenye shamba la ngano karibu na Kelmore, Saskatchewan, kitinda mimba wa Petro na Anna. Alisoma hadi darasa la kumi, akaacha, akaingia kwenye mpira wa magongo wa barafuni. Wala hakuitwa kufunga mabao. Kila timu ilikuwa na mtu wake wa kupigana: kocha akimgonga begani anaingia, anatupa glavu, anachapana na mwenzake wa upande wa pili mpaka mmoja aanguke, na uwanja mzima unasimama kushangilia. Mtu huyo alikuwa Orest.

Tarehe 15 Machi 1975 alimwoa Lavonne Dyck. Alifika kanisani na nyuzi mbichi za mshono usoni.

"Umegongwa na trekta, kijana?" baba mkwe akamuuliza.

"Trekta lingesimama, baba."

Mwaka 1988 akawa meneja mkuu wa Nyegere wa Kelmore, klabu ya vijana wasiozidi miaka ishirini. Aliwachagua, akawabadilisha na klabu nyingine, akawatafutia familia za kuwalaza. Na aliyechagua wa kupigana ni yeye. Mmoja wao, Colby Friesen, aliishi kwa Orest mwenyewe. Jioni moja mwaka 2009, siku chache baada ya kupigwa akazimia, Colby alikuwa mezani na sahani ya pirohi, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi, mkononi. Akawatazama wenyeji wake.

"Samahani," akasema, "hapa ni kwa nani?"

Orest alitoka nje akatapika kwenye theluji.

Tangu siku ile Nyegere hawakuwa na mtu wa kupigana, na aliyetupa glavu alirudishwa kwao. Basi wakawa wanapigwa wao, na viti vikabaki vitupu. Mwenyekiti wa klabu, Gord Stadnyk, akamjia juu: "Watu wanakuja kuona ngumi, Orest!"

"Vaa viatu vya barafu basi, uwaonyeshe wewe."

Mwaka 2014 alipasuliwa moyo mjini Regina. Daktari alimkataza hata kupiga kelele uwanjani.

Ameacha mjane, Lavonne. Binti yao, Marlis. Na wajukuu wawili. Wote walikuwepo Jumamosi, tarehe 16 Januari 2016, moyo wake uliposimama juu ya barafu, akiwa amemfunika kwa mwili wake mchezaji wa Nyegere wa miaka kumi na sita, Tavin Rusk. Tavin yu hai, na leo ni mmoja wa wabeba jeneza.

Timu zote mbili zilikuwa zimeruka ukingo. Magongo chini, ngumi juu, damu imechora barafu, waamuzi wamezidiwa. Tavin alikuwa kifudifudi, kofia imetoka, jitu la timu pinzani limemkalia linampiga kisogoni.

"Orest, kaa chini! Moyo wako!" Lavonne alimshika koti.

"Niachie, mama Marlis."

"Waamuzi wapo!"

"Wapo wapi? Yule mtoto hata hajikingi tena."

Akalivua koti, likabaki mikononi mwa mkewe. Akafungua mlango mdogo wa ukingo, akatoka na viatu vyake vya kanisani, akiteleza, bila kushika chochote. Hakurudi.

Mungu amlaze palipo kimya.